Kupatwa kwa Jua na Kifo cha Sayidna Ibrahim

Bismillahir Rahmanir Rahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyelijaalia jua na mwezi kwenda kwa hisabu, na rehma na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), na aali zake na Sahaba zake.

Ama baada ya haya. Ndugu zangu, mzee mmoja alinijia baada ya sala ya Alfajiri akinishitakia khabari ya mjukuu wake. Kijana huyu alisoma skuli kuwa kupatwa kwa jua na mwezi hujulikana siku yake na saa yake miaka mingi mbele. Mwalimu wake wa chuoni akamwambia kuwa kusadiki hayo ni kudai ilimu ya ghaibu, na mwenye kudai ghaibu amekufuru. Usiku wa tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ukapatwa wote, ukageuka mwekundu, kwa saa ile ile iliyotajwa. Tangu usiku huo kijana haonekani katika safu zetu. "Sheikh," aliniuliza mzee, "tutamrejesha vipi?" Nami nasema, kabla ya kutafuta wa kumrejesha, tumjue aliyemtoa.

Sayidna Ibrahim, mwana wa Mtume wetu (S.A.W.) kwa Bibi Maria Mkopti, alizaliwa mwaka wa 8 wa Hijra akafa mwaka wa 10, naye bado ananyonya. Mtume alimpakata akatokwa na machozi, hata Sahaba wakastaajabu. Siku hiyo jua likapatwa, na watu wakasema: limepatwa kwa msiba wa Ibrahim. Zingatieni hapa. Lau angekuwa ni mtu anayetafuta ukubwa, hapana siku iliyokuwa bora kuliko hiyo. Hakuhitaji hata kusema uwongo. Kunyamaza kungemtosha, na watu wangekwenda zao na muujiza wao. Lakini baba yule, na msiba wake moyoni, alisimama akawasalisha watu sala ndefu, kisha akawabainishia kuwa jua na mwezi ni ishara mbili miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu, hazipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuishi kwake. Wakiona hayo wamuombe Mola wao na wasali. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim.

Wanazuoni waliifahamu. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka wa 505 wa Hijra (1111), katika kitabu chake Tahafut al-Falasifa amewapinga wanafalsafa mapingano makali. Lakini juu ya kupatwa kwa jua amekiri kuwa ni mwezi kusimama baina ya jua na mwenye kutazama, na kuwa anayedhani kulipinga jambo hili ni kuinusuru dini, huyo ameidhulumu dini. Kwa nini? Kwa sababu aliyeijua hisabu hataitilia shaka hisabu, ataitilia shaka dini. Huyo ndiye kijana wetu, amekwisha kusemwa miaka mia tisa kabla ya kuzaliwa kwake!

Tena wako waliopokea kuwa Ibrahim alikufa tarehe 10 ya mwezi. Sheikh Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka wa 728 (1328), akaikataa riwaya hiyo, kwa kuwa jua halipatwi ila mwishoni mwa mwezi, pale mwezi unapofichika. Na wanahisabu wa zama zetu wakirudi nyuma hulikuta jua limepatwa tarehe 27 Januari 632, nayo ni mwisho wa Shawwal wa mwaka wa 10. Hii si ghaibu. Mvuvi wetu ajua maji ya bamvua yatakuwa lini. Je, naye amekufuru?

Wala mimi simo katika wale wanaoifungua Kur'ani kila panapovumbuliwa chombo kipya, wakisema kimetajwa humu. Nadharia ya leo yaweza kubatilishwa kesho, na maneno ya Mola hayangojei kusadikishwa na mtu.

Basi kijana naye asikie. Asema: likiwa limeandikwa katika kalenda, tusali kwa nini? Aende akatazame ukutani mwa msikiti. Magharibi imeandikwa pale kwa dakika yake, mwaka mzima, kwa hisabu ya jua hilo hilo, na hapana aliyeacha kuisali kwa kuwa saa yake ilijulikana. Hisabu yamwambia lini na kwa njia gani. Amri ni ya nani, hilo haikuulizwa wala haina jawabu lake.

Tarehe 2 Agosti 2027, inshaallah, jua litapatwa. Makka litafunikwa lote mchana kwa dakika chache, na huku pwani yetu litakatwa kipande. Sala yake ni rakaa mbili, kila rakaa ina rukuu mbili, haina adhana wala ikama. Nimemwambia mzee amlete mjukuu wake, atutolee saa ya kuanza na saa ya kwisha, aibandike ubaoni kwa mkono wake, ili tujue wakati wa kukusanyika.