Darasa la Ramadhani, siku ya 15: Mwamba nao unafunga



Leo mwezi ni mpevu, na kila aliyezaliwa pwani anajua maana yake: bamvua. Maji yanapwa sana mnamo saa nne asubuhi, na yanapwa tena saa nne usiku, pale watu wanapotoka Tarawehe. Mwamba unabaki wazi. Kwa mama zetu wanaochokoa pweza hizi ndizo siku za riziki, na muda huu unaosoma, wengi wao wako huko nje. Wamefunga, jua limeshaanza kuchoma, na wanainama kila tundu.

Leo nataka tumzungumze huyo pweza. Usicheke. Mwenyezi Mungu (S.W.) ametufahamisha katika Surat al-An'aam, aya ya 38, kwamba wanyama wote watambaao na ndege wote warukao ni umma mfano wetu. Umma una maisha yake, na una hesabu yake. Mtoto wako wa sekondari anafundishwa hesabu hiyo kwenye baiolojia, muulize.

Pweza wa miamba yetu haishi sana, mwaka mmoja na kitu hivi. Anakua haraka ajabu. Jike akishapevuka anataga mara moja tu katika umri wake. Anaingia pangoni, anaziba mlango kwa vijiwe, anayatundika mayai darini kama shanga, laki kadhaa. Kisha anakaa nayo. Anayapulizia maji safi, anayapangusa, anawafukuza wanaoyanyemelea. Na muda wote huo hali kitu, subhanallah! Kaa anapita mlangoni, chakula chake anachokipenda, na yeye hana habari naye. Mayai yakianguliwa, mama anakufa.

Hebu tulinganishe na mfungo wetu. Mwili wako umejengwa kwa seli, na ndani ya karibu kila seli mna viwanda vidogo, mitokondria, vinavyounguza chakula kwa hewa tunayovuta na kutoa nguvu. Nguvu hiyo haikai ghalani, inatengenezwa na kutumika papo kwa papo, hata ukiwa umelala. Chakula cha daku kinakutosha kwa saa chache. Kikiisha, ini linatoa sukari lililoiweka akiba, na kadiri jioni inavyokaribia mwili unazidi kuchota kwenye mafuta. Ndiyo maana unaweza kufika Magharibi ukiwa umechoka lakini umesimama. Akiba hiyo hukuiweka wewe. Mola wako aliipanga kabla hujajua kuwa una ini.

Yule mama pweza akiba yake ni nyama yake mwenyewe. Anaunguza misuli yake kidogo kidogo mpaka watoto watoke. Sisi tunafungua kwa tende na maji, yeye hana Magharibi.

Sasa tufanye hesabu ya umma wake. Katika mayai laki kadhaa, ili pweza wasipungue wala kuongezeka, inatosha wawili tu wafike utu uzima na kuzaa: mmoja badala ya mama, mmoja badala ya baba. Waliobaki ni chakula cha wengine, maana watoto wakitoka huelea na mkondo, na samaki wanawasubiri. Hakuna kilichopotea hapo, ni mizani, ile ambayo Surat ar-Rahmaan inatuonya tusiipunje. Lakini jike akichomwa kabla hajataga, hesabu yake ni sifuri. Laki zote zimekwenda na kitoweo cha siku moja.

Na tusisahau kwamba pweza yuko juu kwenye ngazi ya chakula. Jua linalisha mwani, mwani unalisha wadogo, wadogo wanaliwa na kaa, kaa analiwa na pweza. Darasani wanafundisha kwamba kila ngazi inapokea takribani sehemu moja tu ya kumi ya nguvu ya ngazi iliyo chini yake. Iliyobaki imetumika katika kuishi, imegeuka joto. Kwa hiyo mwamba hauwezi kubeba pweza wengi kama unavyobeba kaa, na hauwezi hata kidogo kubeba mwamba uliovunjwa. Nasema hivi kwa sababu wako wanaopiga matumbawe kwa mtaimbo ili wamtoe mmoja. Amempata pweza, amevunja nyumba ya watakaokuja.

Ndiyo maana vijiji vingine vimeamua kufunga. Lugha yetu imetupa neno moja kwa yote mawili: mtu anafunga, na mwamba unafungwa. Mwaka 2004 watu wa Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagascar, walifunga mwamba wao mmoja kwa miezi kadhaa. Walipoufungua walikuta pweza wakubwa, na vijiji jirani vikaiga. Kwetu huku, Kisiwa Panza kule Pemba wamefanya hivyo, na wengine pia. Wanakubaliana miezi mitatu hivi, wanaweka maboya, wanachagua walinzi, na siku ya kufungua inakuwa kama sikukuu.

Kuna kijana atasema: Sheikh, kitoweo cha bahari ni halali kwa nassi, Surat al-Maaida aya ya 96, nani wa kunizuia? Kweli ni halali, hakuna aliyesema pweza ni haramu. Lakini maji ya kunywa nayo ni halali, na mchana huu huyagusi. Hilo la maji ni amri ya Mola, la mwamba ni makubaliano ya watu, sizichanganyi daraja. Ila sura hiyohiyo, katika aya yake ya kwanza kabisa, inawaamrisha walioamini watimize ahadi zao. Mlikaa kikao, ukanyoosha mkono, umeahidi.

Soma pia kisa cha watu wa mji ulio kando ya bahari, Surat al-A'raaf kuanzia aya ya 163. Walikatazwa kuvua Jumamosi, na samaki wakawa wanakuja juu juu siku hiyohiyo, siku nyingine hawaonekani. Mtihani haukuwa njaa, ulikuwa samaki kuonekana. Wafasiri wanataja hila: wengine walitega mapema, wakaja kuvuna siku iliyofuata, wakasema sisi Jumamosi hatukuvua! Mwamba uliofungwa ndivyo ulivyo. Mwezi wa pili pweza wameshanenepa, mbalamwezi, saa nne usiku, maji yamekupwa, bei ya Ramadhani imepanda. Mtu ametoka Tarawehe na tochi mkononi.

Katika kisa hicho kulikuwa na kundi jingine, waliowaambia wenye kuonya: mnawawaidhia nini hawa? Hawavui, lakini hawataki kelele. Hapo ndipo tulipo wengi wetu, sisi tusio na mkuki. Sisi ni wanunuzi. Pweza mdogo kama kiganja anauzwa jioni na hatuulizi. Kanuni za uvuvi za Tanzania Bara zinakataza pweza wa chini ya gramu 500, na kila jioni tunawala. Basi uliza: katoka wapi? Ukiona mdogo, mwache. Mfanyabiashara ataelewa kwa lugha ya pesa haraka kuliko kwa mawaidha yangu haya marefu.

Jambo moja lisiponiumiza nitakuwa sijaandika kwa haki. Mwamba ukifungwa, anayefunga zaidi ni yule mama anayekwenda kwa miguu. Mwenye mashua na miwani ya kuzamia ataenda mwamba mwingine. Mama huyo hana mwingine. Miezi mitatu watoto wake wanakula nini? Na siku ya kufungua wanakuja watu kutoka vijiji vya mbali, wanamaliza kwa siku mbili alichokilinda yeye. Kamati zinazopanga kufunga bila kumuuliza yeye, na bila kumwekea sehemu yake siku ya kufungua, zinadhulumu hata kama hesabu yao ya pweza ni sahihi.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukiwa jirani wa mama kama huyo na mwamba wenu umefungwa, futari yako ya leo ongeza bakuli moja. Mpelekee kabla ya adhana, si baada. Na kama kamati ya kijiji chenu inakutana baada ya Ramadhani, hakikisha yumo kikaoni, na anazungumza.

Kesho in shaa Allah tunaendelea na adabu za itikafu.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.