Historia Itamhukumuje Marehemu Rais Magufuli?

Tangu Marehemu Rais John Pombe Magufuli alipofariki dunia tarehe 17 Machi 2021, twasikia neno moja likirudiwa katika mabaraza, katika mabasi, hata nje ya makanisa baada ya Misa: "Tuiachie historia imhukumu." Wampendao hulisema kwa matumaini, wasiompenda hulisema kwa uchungu, na wengine, ambao pengine ndio wengi, hulisema ili chakula kiliwe kwa amani. Maana twazijua nyumba ambamo baba ameitundika picha yake ukutani karibu na picha ya Moyo Mtakatifu, na kijana wake hataki hata kuitazama.

Neno hilo lina haki kwa sehemu. Sisi Wakatoliki tumefundishwa kwamba roho ya mtu, mara itokapo mwilini, huhukumiwa na Mungu, na hukumu hiyo haina rufani wala haingoji maoni yetu. Marehemu alikuwa mwana wa Kanisa. Aliombewa Misa, akazikwa kwao Chato tarehe 26 Machi 2021, nasi twaendelea kumwombea kama tuwaombeavyo wafu wote. Lakini matendo ya utawala ni jambo jingine. Yalitendwa kwa fedha ya watu na kwa jina la watu, na watu wanayo haki ya kuyapima. Yule anayemtolea marehemu Rozari jioni aweza asubuhi yake kuyasema matendo yake kwa kweli, asione haya.

Basi tuyaseme. Mema yake si haba. Mara alipoingia Ikulu mwaka 2015 alizifuta sherehe za Uhuru za mwaka ule, akawataka wananchi washike mafagio, na mwenyewe akaokota takataka kwa mikono yake. Tangu Januari 2016 ada ilifutwa shuleni hadi kidato cha nne. Mama mjane wa kijijini hakuhitaji mtaalamu wa kumweleza maana ya jambo hilo. Serikali, ambayo tangu 1973 ilikuwa imeamuliwa ihamie Dodoma, ilihamia kweli. Bwawa la Rufiji la megawati 2,115, reli mpya ya kutoka Dar es Salaam, na daraja la Kigongo na Busisi, vilianza kujengwa zamani zake, naye hakujaliwa kuviona vimekamilika. Daraja lilifunguliwa mwaka 2025, likaitwa kwa jina lake. Na watu walimpenda, tusidanganyane: tarehe 21 Machi 2021 watu 45 walikufa kwa kukanyagana katika msongamano pale Uwanja wa Uhuru, walipokwenda kumwaga.

Lakini yatupasa kumkumbuka Omri. Wasomaji wengi hawatamkumbuka, na hilo lenyewe ni funzo. Omri alikuwa mfalme wa Israeli. Alinunua mlima kwa talanta mbili za fedha, akajenga juu yake Samaria, ukawa mji mkuu. Waashuru waliendelea kuiita nchi ile nyumba ya Omri hata baada ya ukoo wake kwisha. Hata hivyo Kitabu cha Wafalme kimempa mistari michache tu. Ujenzi wake kinautaja, hakiuonei wivu, kisha kinageuka kuuliza swali jingine kabisa: mtu huyu alitembeaje mbele ya Mungu? Na Mwinjili Mathayo, alipoandika ukoo wa Bwana wetu, alimtaja Daudi kwa fahari, akataja papo hapo kwamba Solomoni alizaliwa na mke wa Uria. Hakuona kwamba kumheshimu Daudi kwamlazimu kumsahau Uria.

Nasi tunao akina Uria wetu. Mikutano ya hadhara ya siasa ilizuiwa tangu 2016, hata Maaskofu wetu walilalamika juu ya hayo katika ujumbe wao wa Kwaresima wa 2018. Tarehe 7 Septemba 2017 mbunge Tundu Lissu alipigwa risasi nyingi mchana, Dodoma. Novemba ya mwaka ule ule mwandishi wa habari Azory Gwanda alichukuliwa huko Kibiti, asirudi nyumbani. Hatumtwiki marehemu mikono iliyotenda hayo. Twasema tu kwamba yalitukia zamani zake, na mchungaji huulizwa habari za kondoo. Na wako wasichana waliopata mimba shuleni, ambao mwaka 2017 aliwaambia hadharani kwamba maadamu yeye ni Rais hawatarudi darasani. Amri ilikuwa ya zamani kuliko yeye, lakini yeye ndiye aliyeitia chumvi. Ilifutwa Novemba 2021. Je, msichana aliyefukuzwa mwaka 2018 alirudi na mtoto mgongoni?

Hapa twafikia jambo linalotugusa sisi wenyewe, nalo ni korona. Alikataa kuyafunga makanisa, tukamshukuru. Aliita siku tatu za maombi Aprili 2020, tukaomba. Juni yake alitangaza, akiwa ndani ya kanisa, kwamba Mungu ameuondoa ugonjwa, na wengi wetu tulipiga makofi. Lakini hesabu za wagonjwa zilikuwa zimekwisha kukoma: watu 509 na vifo 21, ndivyo ilivyobaki kuandikwa mwaka mzima, kana kwamba kifo nacho kilitii amri. Kisha Machi 2021 Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu alisema kwamba kwa miezi miwili mapadre zaidi ya 25 na masista 60 walikuwa wamefariki, wakiwa na taabu ya kupumua. Masista 60! Wengi twawakumbuka waliotufundisha kusoma na waliowapokea watoto wetu hospitalini. Imani haikukosewa kwa kuombwa. Ilikosewa ilipofanywa pazia.

Sasa, hiyo historia tunayoiachia kazi ni nani? Si malaika ashukaye na kitabu kilichokwisha andikwa. Ni maneno ya watu waliokuwapo, nao ni sisi. Baba akinyamaza, na mtoto akinyamaza, kila mmoja kwa ajili ya amani ya mezani, miaka hamsini ijayo watabaki wapiga ngoma na wapiga mawe tu, na watakaosoma watachagua kelele moja kati ya hizo mbili.

Twawaomba mapadre na makatekista jambo dogo. Katika kila parokia kiko kitabu cha marehemu. Hakisemi ugonjwa, chasema jina na siku. Kitunzeni na mchwa na mvua, hasa kurasa za Januari, Februari na Machi 2021. Nanyi wazazi mliozika mtu miezi ile, mkaambiwa ni homa ya mapafu tu, nendeni parokiani mkatazame kama jina lake limeandikwa sawasawa, na tarehe yake.