Walikagua Mkate, Hawakumwuliza Bwana

Somo: Yoshua 9:3-27

 

Safari hii tunafundisha juu ya jambo ambalo zamani halikuwa na nafasi katika gazeti la Kanisa, ndiyo wezi wanaoingia kwa njia ya simu. Wengine watauliza: hayo si mambo ya polisi? Yanaingiaje katika mahubiri? Tutajibu kwa kueleza yaliyotokea kati yetu. Hatutaji paruasi wala jina la mtu, kwa kuwa hatutafuti kumwaibisha yeyote. Tunataka wengine wapone.

Mama mmoja alikuwa mtunza feza wa kikundi cha wamama. Walikuwa wamekusanya dola 640 za kununua mabati ya nyumba ya maombi. Hazikuwa feza za matajiri. Zilitoka katika unga, makala, mboga za bustani na zamu za likelemba. Siku moja mchana mama akapokea mesaji ya WhatsApp. Namba ilikuwa ya mchungaji wake, na picha pia ilikuwa ya mchungaji wake. Mesaji ilisema: mama, niko kwenye maombi ya mgonjwa, siwezi kuongea, kuna shida kubwa, tuma dola 200 kwa namba hii ya ndugu wa mgonjwa, jioni nitarudisha. Mama akatuma. Baada ya nusu saa ikaja nyingine: hazikutosha, ongeza. Akaongeza. Kufika saa kumi, dola 640 zote zilikuwa zimekwenda.

Mchungaji hakuwa kwenye maombi ya mgonjwa. Alikuwa nyumbani, na WhatsApp yake ilikuwa imefungika toka asubuhi, naye akafikiri ni mtandao mbaya. Asubuhi ile mtu alikuwa amempigia akijiita mtu wa komite ya semina kubwa ya Kinshasa. Alimwambia: Baba, umetumiwa namba 6 kwenye simu yako, nisomee niandike jina lako kwenye orodha ya walioalikwa. Mchungaji akasoma. Zile namba 6 ndizo ufunguo wa WhatsApp yake. Mwizi alizitumia kuifungua kwenye simu nyingine, akawa anaandika kwa jina la mtumishi wa Mungu.

Sasa sikilizeni lililo baya zaidi. Kikundi kilinung'unika. Wengine walisema mama amekula feza na kutunga hadithi. Sisi tunaoandika tulikuwa pale, na hatukufunga vinywa vyetu. Mama akaacha kuja kwenye ibada wiki saba. Mwizi alichukua mabati, lakini sisi wenyewe tulikaribia kumpotezea Kanisa mtu. Ndiyo sababu jambo hili liko katika mahubiri.

Tufungue Yoshua sura ya 9. Watu wa Gibeoni walisikia yaliyofanyika Yeriko na Ai, wakaogopa. Wakavaa nguo zilizochakaa na viatu vyenye viraka, wakapakia magunia makuukuu na viriba vya divai vilivyopasuka na kushonwa, wakabeba mkate mkavu ulioota ukungu. Wakafika Gilgali, wakamwambia Yoshua kwamba wametoka nchi ya mbali. Wazee wa Israeli walikagua chakula chao, lakini hawakutafuta shauri la Bwana. Wakaapa. Baada ya siku tatu wakasikia kwamba wale watu ni jirani zao, wanakaa karibu kabisa.

Wandugu, hakuna mbinu ya mwizi wa simu isiyokuwa imeandikwa hapo. Tuzitazame nne.

Ya kwanza: walisema wametoka mbali. Nani angekwenda kuhakikisha? Mwizi wa leo naye hutoka mbali. Ni mwanajeshi wa Marekani aliyekupenda kwa Facebook bila kukuona. Ni tajiri wa Canada aliyekutumia kifurushi kilichokwama kwa watu wa duane, unatakiwa tu kulipa ada. Ni shirika linalotoa kazi au viza, lakini kwanza ulipe dosie. Kijana, kumbuka hili: Umoja wa Mataifa hautozi feza yoyote kwa mtu anayeomba kazi, wala mwanzo, wala katikati, wala mwisho. Anayekuomba dola 30 za dosie kwa jina lao ni mwizi. Na mara nyingine huyo wa Canada anakaa avenue ya pili kutoka kwako, kama Wagibeoni walivyokuwa jirani.

Ya pili: walileta ushuhuda wao wenyewe. Wazee wa Israeli walikuwa na macho. Walikagua. Lakini walikagua mkate uliotayarishwa ili ukaguliwe. Toka mwaka 2012, M-Pesa ilipoanza katika nchi yetu, wengi wetu tumezoea kuamini mesaji. Mwizi anakuandikia mesaji inayofanana na ile ya kampuni: umepokea franka 150.000. Kisha anapiga simu akilia: mama, nimekosea namba, ni feza za hospitali, nirudishie. Ukirudisha, unatoa feza zako, kwa sababu hakuna kilichoingia. Usikague mkate wa Mgibeoni. Fungua menyu ya simu yako wewe mwenyewe, tazama salio lako. Kama kweli feza zimeingia kwa makosa, mwambie apeleke shauri kwa kampuni, nao watazirudisha kwa njia yao. Picha ya karatasi yenye muhuri nayo ni mkate wa ukungu. Muhuri unachongwa, picha inatengenezwa. Siku hizi hata sauti ya mtu inaigizwa na mashine.

Ya tatu: walitaja jina la Mungu. Soma mstari wa 9. Walisema wamekuja kwa ajili ya jina la Bwana. Hapo sisi watu wa Kanisa la unabii tunapaswa kusimama na kutetemeka. Sisi tunaamini kwamba Mungu anasema hata leo, kwa ndoto na kwa maono. Mwizi analijua hilo kuliko tunavyofikiri. Anafungua ukurasa kwa picha ya kiongozi wetu, anakuandikia: nimeoneshwa nyota yako imefungwa, tuma dola 50 za kuifungua kabla ya saa sita za usiku. Ndugu, toka lini nabii wa Mungu akaweka bei na namba ya M-Pesa chini ya maono? Naamani alimletea Elisha feza na zahabu baada ya kupona ukoma, na Elisha akakataa. Gehazi ndiye aliyekimbia nyuma ya gari kuomba, tena kwa hadithi ya uongo juu ya wageni wawili wenye shida, na ukoma ukamrudia yeye. Mtume Yoane katika barua yake ya kwanza, sura ya 4, anatuagiza kuzijaribu roho. Kujaribu si ukosefu wa imani. Ni amri.

Ya nne: walitaka agano sasa hivi. Hawakusema tutarudi wiki ijayo. Haraka ndiyo damu ya uongo. Ukiitoa, uongo unakufa.

Tazameni sasa neno la siku tatu. Israeli hawakutuma wapelelezi, hawakufanya vita. Siku tatu tu zilipita, na ukweli ukafika wenyewe kwa miguu yake. Kama wazee wangesema, wageni karibuni, kuleni, laleni, agano tutazungumza baada ya siku tatu, Wagibeoni wangeonekana bila kuapiwa. Hilo ndilo neno letu lote la leo: feza inayoombwa kwa simu ingoje siku tatu. Mwizi anaweza kuigiza jina, picha, muhuri na sauti. Kungoja hawezi.

Mtu atauliza: na kama mgonjwa anakufa kweli? Swali hilo ni la haki, kwa maana Mungu hapendi tufunge mkono mbele ya mwenye shida. Basi siku tatu ziwe hatua tatu. Kwanza, funga mesaji, piga wewe mwenyewe kwa namba ile ya zamani unayoijua, usikie sauti. Pili, uliza jambo ambalo yeye peke yake analijua, au tuma mtoto aende kwa miguu mpaka kwake. Tatu, mwambie mtu wa pili kabla ya kutuma, kwa kuwa sheria ya Musa ilidai mashahidi wawili au watatu. Hizo zote ni dakika 20. Mwenye shida ya kweli atafurahi kukusikia. Mwizi atakasirika, atakutukana, atakuambia huna imani. Hasira yake ndiyo jibu lako.

Wazee wetu hawana haja ya kufundishwa sana juu ya feza inayozaa bila kazi. Wanakumbuka Kinshasa mwaka 1991, wakati wa Bindo. Watu waliuza friji na vitanda, wakapeleka feza ili zirudi mara nyingi zaidi. Wa kwanza walilipwa kweli, wakashuhudia, na ushuhuda wao ukawavuta wengine. Lakini waliolipwa walilipwa kwa feza za waliofuata. Siku wapya walipopungua, nyumba ikaanguka, na wengi wakabaki na karatasi mkononi. Vijana wanasema: hayo ni ya zamani, sasa kuna feza za intaneti. Basi wasikie habari ya OneCoin, iliyoanza mwaka 2014. Mwanamke aitwaye Ruja Ignatova aliiuza katika nchi nyingi, hata hapa jirani Uganda, na wadanganywa walipoteza zaidi ya dola miliare 4. Mwaka 2017 alitoweka. Mwenzake Karl Greenwood alihukumiwa miaka 20 ya kifungo huko Marekani mwaka 2023. Nguo ni mpya, Bindo ni yule yule. Anayekuahidi faida kubwa bila hatari, na kukuomba uwalete ndugu zako, anatafuta feza za kumlipa aliyekutangulia.

Kwa hiyo tunaagiza kila paruasi ishike haya. Namba ya siri ya M-Pesa, Airtel Money au Orange Money haisomwi kwa mtu, hata akijiita mfanyakazi wa kampuni, hata akiwa mchungaji. Namba 6 za WhatsApp hazisomwi kwa mtu; tena kila mwenye WhatsApp aweke namba ya siri ya pili ambayo programu ile inaruhusu, na kijana anayejua amsaidie mzee asiyejua. Feza za kikundi hazitoki kwa mesaji, hata mesaji ya kiongozi. Zinatoka watu wawili wakiwa wameonana uso kwa uso. Na maombi hayauzwi.

Aliyekwisha kuibiwa asikae kimya. Apigie kampuni ya simu mara moja, kwa maana dakika za kwanza pengine feza bado hazijatolewa. Asifute mesaji, azipeleke polisi au parke. Nchi yetu ina sheria ya mambo ya numeriki toka tarehe 13 Machi 2023, na wizi wa namna hii ni kosa. Kisha awaambie wengine, ili jirani wasianguke shimo lile lile.

Na sisi tuliobaki, tukumbuke nani alidanganywa Gilgali. Hawakuwa wajinga. Alikuwa Yoshua mwenyewe, pamoja na wakuu wa Israeli, watu waliovuka Yordani kwa miguu mikavu. Mkutano ukawanung'unikia, mstari wa 18. Lakini wakuu hawakumtafuta mtu mdogo wa kumtwika kosa. Walisimama mbele ya mkutano wakasema, sisi ndio tulioapa.

Hivyo ndivyo tulivyofanya, ingawa tulichelewa. Mchungaji alisimama siku ya Mungu mbele ya ibada, akasema: zile namba nilizisoma mimi, mama alimtii mchungaji wake. Sisi nasi tukasema: tulinung'unika, tumetenda zambi. Wamama watatu wakaenda kwake jioni ile na unga na kuku, wakaomba pamoja naye mpaka usiku. Siku ya Mungu iliyofuata alikuwa kwenye benchi lake. Dola 640 hazikurudi. Mabati tumeanza kuyanunua upya, moja moja, na mtunza feza ni yeye yule.

Bwana Yesu katika Matayo sura ya 10 alitaka tuwe na akili ya nyoka na upole wa njiwa, vyote viwili. Njiwa asiye na akili anakamatwa. Nyoka asiye na upole anauma ndugu zake.

Tuombe. Ee Mungu Baba, utupe macho ya kuona ukungu ule uliotayarishwa, na uvumilivu wa kungoja siku tatu. Uwahurumie walioibiwa, uwarudishie furaha. Nao wanaoiba, wengi wao ni vijana wetu wasio na kazi, uwavunje mioyo waache, wapate mkate wa haki. Kwa jina la Yesu Kristo, Amina.