Je, Kukatwa Tumbo Ni Kukwepa Kazi ya Kiasi?

Swali tuliloletewa mwezi huu si la kawaida katika kurasa hizi. Dada mmoja, anayeshiriki Meza ya Bwana pamoja nasi kwa miaka mingi, ametuandikia kwamba madaktari wamemkubalia kufanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito. Ana kisukari, ana presha, na kwa maumivu ya viungo hawezi tena kupiga magoti wakati wa Komunio. Anauliza hivi: akikubali kukatwa mfuko wa chakula, atakuwa anatafuta tiba, au atakuwa anakwepa kazi ya kiasi ambayo kila Mkristo hana budi kuifanya mwenyewe? Yupo aliyemwambia kwamba angefunga vizuri Kwaresima mbili tu, asingehitaji kisu.

Hatukutaka kumjibu kwa haraka. Tumesoma, tumeuliza, na tumezungumza na mwenzetu mwingine wa hapa hapa, aliyefanyiwa upasuaji huo miaka mitatu iliyopita. Ametupa ruhusa tuyaandike aliyotuambia, ila jina lake tuliache. Sisi si waganga, na mambo ya tiba yaulizwe kwa daktari. Lakini swali lenyewe si la tiba peke yake.

Upasuaji huo si mpya kama wengi wanavyodhani. Daktari Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, alianza kuufanya wa namna moja katika miaka ya 1960, na siku hizi hata Dar es Salaam na Nairobi wapo madaktari wanaoufanya. Namna zinazotumika sana ni mbili. Katika ya kwanza, mfuko wa chakula hukatwa kwa urefu, robo tatu yake au zaidi ikaondolewa, ukabaki mwembamba mfano wa ndizi. Katika ya pili, daktari hutenga kifuko kidogo sana sehemu ya juu, kiasi cha kuingia vijiko viwili vikubwa vya maji, kisha hukiunganisha na utumbo mdogo mbele zaidi, ili chakula kipite njia ya mkato. Hiyo ndiyo njia ya mkato pekee tuliyoiona katika jambo hili zima. Nyingine zote ni ndefu.

Wala si kila mnene anayepokelewa. Madaktari huchukua uzito wa mtu kwa kilo, wakaugawanya kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa urefu huo huo. Mtu wa mita 1.60 mwenye kilo 110 hupata 43. Mwaka 1991 wataalamu wa Marekani walisema upasuaji uwe kwa wenye 40 na kuendelea, au 35 ikiwa wana maradhi yatokanayo na unene. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa upasuaji huo vikasema 35 yatosha hata bila maradhi. Dada yetu amezidi hesabu zote hizo.

Sasa tuseme juu ya maandalizi, maana hapo ndipo tulipoanza kubadili mawazo yetu. Tulidhani mtu hulipa fedha, hulala, huamka mwembamba. Kumbe kwa miezi mingi kabla ya siku yenyewe mgonjwa hupimwa damu, moyo, na namna anavyopumua usingizini. Huingizwa mpira wenye taa kooni ili waone kama ana vidonda vya tumbo. Akiwa mvutaji wa sigara huambiwa aache. Hukaa na mtaalamu wa lishe, akajifunza kutafuna polepole na kutokunywa maji pamoja na chakula. Wiki mbili hivi za mwisho hula kidogo sana, kwa sababu ini la mtu mnene huwa limejaa mafuta na limelala juu ya mfuko wa chakula. Lisiposinyaa, daktari hapati nafasi ya kufanya kazi. Je, huo si mfungo? Mwenzetu anasema Kwaresima zake zote zikijumlishwa hazikufikia wiki mbili zile.

Tena huketi na mtaalamu wa mambo ya akili na moyo, naye humwuliza swali ambalo sisi mapadre na walei hatumwulizi mtu: Unakula kwa sababu gani? Mwenzetu huyu alifiwa na mumewe akiwa na watoto wadogo. Mchana alikuwa mkakamavu, na sote tulimsifu kwa imani yake. Usiku watoto wakilala alikaa jikoni peke yake na sufuria ya wali uliobaki. “Sikuwa na njaa,” alituambia, “nilikuwa na usiku.” Tulikuwa tukimwona kila Jumapili, na hakuna mmoja wetu aliyejua.

Turudi kwenye swali la kiasi. Yule aliyesema habari ya Kwaresima mbili hakusema kwa ubaya, ila hakujua mwili unavyofanya kazi. (Na tuongeze hapa kwamba mwenye kisukari anayetumia dawa asifunge kabla ya kumwuliza daktari.) Mwili ulionenepa sana ukianza kupungua huona kama njaa kuu imeingia nchini, nao hujitetea. Mwaka 1999 wataalamu wa Japani waligundua kichocheo kinachotoka hasa katika mfuko wa chakula na kuupelekea ubongo habari ya njaa. Mwaka 2011 uchunguzi wa Australia ulionyesha kwamba watu waliopungua kwa kujinyima walikuwa bado na vichocheo vya njaa vilivyopanda mwaka mzima baadaye. Na mwaka 2016 walichunguzwa Wamarekani 14 waliokuwa wameshindana kupungua mbele ya kamera za televisheni. Baada ya miaka sita wengi wao walikuwa wamenenepa tena, na miili yao ilikuwa ikitumia nguvu pungufu kuliko ilivyotazamiwa kwa watu wa uzito wao, kama chakula kizima cha mchana kila siku. Hao hawakuwa wavivu. Walikuwa wakipandisha maji mlimani kwa ndoo iliyotoboka.

Upasuaji, basi, haufanyi kazi ya kiasi badala ya mtu. Unaziba sehemu ya tundu la ndoo. Ile sehemu ya juu ya mfuko inayotoa kichocheo cha njaa ndiyo inayokatwa katika namna ya kwanza, na kelele za njaa hupungua. Maji atayabeba mwenyewe.

Twajua mtu atasema: lakini ulafi ni dhambi. Ni kweli, na Kanisa tangu kale limeuhesabu miongoni mwa dhambi kuu saba. Lakini hebu tumsikilize Gregori Mkuu, yule aliyemtuma Agostino kwa Waingereza, akafariki mwaka 604. Yeye alifundisha kwamba ulafi una njia tano: kula kabla ya wakati, kutaka vyakula vya gharama, kutaka mapishi ya anasa, kula kupita kiasi, na kula kwa pupa. Katika hizo tano, kiasi cha chakula ni moja tu. Na unene wa mwili haumo hata katika moja. Mtu mwembamba anayenung’unika kwa sababu nyama haikukaangwa apendavyo amekwisha kuingia, na yule mama mnene aliyekula kiporo asimame kando kwanza. Tukisema kwa unyofu, wengi wetu tumeupima ulafi kwa macho, kwa kuangalia mkanda wa mwenzetu.

Wengine huuliza kama ni halali kukata kiungo kisicho na kidonda. Hatuoni ugumu mkubwa hapo. Mguu hukatwa ili mtu apone, wala hatusemi amelidharau hekalu la Roho. Swali la haki ni kama hatari inalingana na faida, na hilo daktari na mgonjwa hulipima pamoja. Hatari zipo. Mara chache paliposhonwa huvuja, au damu huganda, na wako wachache waliokufa. Faida nazo zipo. Nchini Sweden, tangu mwaka 1987, walifuatwa watu zaidi ya 4,000, nusu yao wakiwa wamepasuliwa na nusu hawakupasuliwa. Waliopasuliwa walikufa wachache zaidi. Baada ya miaka 20 uzito wao ulikuwa chini kwa asilimia 18 kwa wastani. Yule wa kilo 110 angekuwa na 90 hivi. Dada yetu na ajue hilo mapema, maana anayetazamia kurudi kwenye gauni la arusi atavunjika moyo.

Siku hizi ziko pia sindano za kupunguza uzito, na zinasaidia, lakini mara nyingi uzito hurudi zikiachwa, na bei yake si ya watu wengi wa parokia hii.

Tumefika sasa kwenye yale yajayo baada ya kisu, nasi tunataka kukaa hapo kidogo.

Wiki mbili za kwanza ni vitu vya majimaji tu. Kisha vilivyopondwa, kisha vilaini, na mpaka ufike mwezi wa pili ndipo hurudi chakula kigumu, kidogo kidogo. Mayai, samaki, maharage na mtindi hutangulia, ugali na wali hufuata nafasi ikibaki, na kwa kawaida haibaki. Vidonge vya vitamini na madini ni vya maisha yote. Akiviacha, damu hupungua na mishipa ya fahamu huharibika. Miezi ya kwanza nywele hung’oka, kisha huota tena. Ngozi hulegea. Kwa aliyefanyiwa namna ya pili hasa, soda au keki yaweza kumletea jasho, moyo kwenda mbio na tumbo kuendesha. Mwanamke huambiwa asishike mimba kwa mwaka mmoja au mmoja na nusu. Pombe hupanda kichwani upesi kuliko zamani, na wako waliokimbilia chupa baada ya kunyimwa sufuria. (Funda dogo la kikombe cha Komunio si la kuogopesha, na anayekatazwa kabisa akipokea mkate peke yake amepokea Sakramenti kamili.)

Hayo yote mwenzetu aliyavumilia. Lililomshinda lilikuwa sisi.

Miezi minne baada ya upasuaji alikuja kwenye karamu ya Kipaimara ya mtoto wa jirani yake. Sisi tunaoandika haya tulikuwapo, na mmoja wetu ndiye aliyemjazia sahani. Alipokula vijiko vitatu akaisogeza kando, tulimwambia, “Mama, unadonoa tu? Pilau yetu imekushinda?” Wenyeji wakatazama. Kwetu sisi, kuacha chakula cha mtu ni kumwacha mwenyewe. Akala. Baadaye mtoto alimkuta nyuma ya jiko anatapika, naye akamwambia ni malaria. Jumapili iliyofuata habari zilikuwa zimeenea kwamba anaficha ugonjwa. Nanyi mwajua kwamba tangu miaka ya 1980 mtu akikonda ghafula ni ugonjwa gani unaotajwa kwa kunong’ona. Mwanamke yule yule ambaye kondakta wa daladala alimtoza nauli ya watu wawili, na watu wakacheka, sasa alikuwa akicheleweshewa mkono wa amani.

Alituuliza: Je, nilitenda dhambi kusema ni malaria? Tumefikiri sana. Kuficha si kudanganya, na habari za mwili wa mtu ni zake mwenyewe. Hakuwa na deni la kutueleza. Lakini kusema malaria ulikuwa uongo, na yeye mwenyewe hakutaka tumfariji kwa kuuita jina jingine. Tulilomwambia ni kwamba uongo ule ulikuwa na wazazi wawili, na mzazi wa pili ndiye aliyeshika upawa. Tunampenda mgeni, hilo ni zuri, lakini tumelifanya tumbo la mgeni kuwa kipimo cha heshima yetu, na asiyeweza kula hana njia ya kutuheshimu isipokuwa kuumia. Wenye kisukari wanalijua hili, na wenye vidonda vya tumbo, na wale walioacha pombe. Wamezoea kulalamika vichwa.

Kwa hiyo kwa dada aliyetuandikia tunajibu: hapana, si kukwepa, mradi usidhani kazi itakwisha ukitoka hospitali. Lakini kama sufuria ilikuwa ikikutunza usiku, tafuta kabla ya siku hiyo nani atakutunza badala yake, maana huzuni haikatwi pamoja na mfuko wa chakula. Wala usione aibu kutueleza, wala usione deni.

Atalazwa mwezi ujao. Hakutaka jina lake lisomwe katika maombi ya Jumapili, nasi tutalitii neno lake. Ameomba apate watu wa kumtekea maji na kuwapikia watoto, kwa kuwa kwa wiki kadhaa hataruhusiwa kuinua kitu kizito. Ameomba pia kwamba kwenye sikukuu ya mavuno, akija na kibakuli chake mwenyewe, asiulizwe. Wanaoweza kusaidia kwa maji na kupika wamwone katibu wa Umoja wa Akina Mama. Hatataja nyumba ila kwa wale watakaoshika zamu.