Upendo kama Shahidi: Barua za Maria Bryan kwa Dada Yake

Swali linalotushughulisha katika makala haya ni hili: je, upole wa mwandishi kwa jamaa zake waweza kumpunguzia lawama ya dhuluma inayomlisha? Tutalijadili kwa kurejelea barua ambazo Maria Bryan, binti wa mwenye shamba, alimwandikia dada yake Julia kati ya 1824 na 1844. Maria aliandika kutoka kijiji cha Mount Zion katika jimbo la Georgia, Kusini mwa Marekani. Julia alikuwa ameolewa mjini Augusta. Barua hizo zilihaririwa na Carol Bleser na kuchapishwa mwaka 1996.

Kiini cha barua hizi ni upweke. Ndoa imewatenganisha ndugu wawili, na karatasi ndiyo inayoziba pengo. Maradhi, wageni, habari za nyumbani: hakuna dogo lisilostahili kusimuliwa. Enzi hizo aghalabu mpokeaji ndiye aliyelipia barua, tena kwa kadiri ya umbali na idadi ya karatasi. Kuandika kwa kirefu kulikuwa kumtwika umpendaye gharama, naye akaipokea kwa furaha.

Hata hivyo, shamba la baba yao lililimwa na watumwa. Katika barua moja Maria anasimulia jinsi mtumwa wa kike alivyopigwa, na anakiri kuwa utumwa ni uovu mkubwa. Kisha maisha ya nyumba yanaendelea kama kawaida. Mwaka 1829 sheria ya Georgia ilipiga marufuku kuwafunza watumwa kusoma na kuandika. Kwa hiyo ndugu waliouzwa mbalimbali walinyimwa hata kalamu ya kujuliana hali. Baada ya vita kumalizika mwaka 1865, wengi walitafutana kwa matangazo ya magazetini.

Wapo watakaodai kwamba tusimpime mtu kwa mizani ya zama zetu. Hoja hiyo ina uzito pale ambapo mhusika hakuweza kujua. Maria alijua. Uchungu wa kutengana na dada aliuandika yeye mwenyewe kwa miaka 20. Upendo wake basi haumtetei. Unashuhudia dhidi yake.

Hatusemi kwamba mapenzi hayo yalikuwa ya uongo. Lau yangekuwa ya uongo, lawama ingekuwa nyepesi. Mhakiki hana budi kuuthamini upole huo, kisha aulize ulikomea mlango wa nani.