Ukienda kwa Wenye Chongo

"Ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho." Mzazi humwambia hivyo mwanawe anayefunga safari, na mwalimu huifafanua darasani kwa sentensi moja: fuata desturi za wenyeji wako. Maana hiyo ni sahihi, ila ni ya juujuu. Methali imeacha maswali mazito chini yake. Anayefumba jicho anakuwa mnafiki? Akikaa ugenini miaka na mikaka, jicho hilo litafunguka tena? Na ni nani hasa aliyeamua kwamba wenye chongo ni wale wenyeji?

Maswali haya hayajibiki kwa safari ya wiki moja. Yanataka mgeni aliyekaa, akala, akaugua na kuzeeka ugenini. Korea iliwapata wageni wa namna hiyo, na watatu kati yao wanatosha kuipima methali yetu.

Wa kwanza ni Jan Janse Weltevree, baharia wa Uholanzi. Mwaka 1627 alishuka pwani ya Korea kutafuta maji, akakamatwa pamoja na wenzake wawili. Ufalme wa Joseon, uliotawala Korea enzi hizo, haukuwa na desturi ya kumruhusu mgeni kuondoka. Wenzake walifia vitani; yeye akapewa jina la Pak Yeon, akaoa, akazaa watoto, akalitumikia jeshi la mfalme kwa ujuzi wake wa silaha. Mwaka 1653 meli ya Kiholanzi iitwayo De Sperwer ilivunjika katika kisiwa cha Jeju. Kati ya watu 64 waliokuwamo waliokoka 36, na Weltevree akatumwa kwenda kuwa mkalimani wao. Walipigwa na butwaa: Mholanzi mwenzao alikuwa karibu amekisahau Kiholanzi. Ilimbidi akae nao kiasi cha mwezi mzima ndipo lugha ya mama ikamrudia ulimini.

Wako wanaoitamka methali hii kwa ukali zaidi, wakisema "vunja lako jicho". Maisha ya Weltevree yanawapinga. Alikaa miaka 26 katika desturi za watu wengine, na hakuna aliyeweza kumwita mnafiki, maana mke, watoto na kazi yake vilikuwa vya kweli. Hata hivyo kilichofumbwa hakikuwa kimekufa. Siku kilipohitajika kiliamka, tena kikawafaa waliokuwa taabuni. Kuishi kwa desturi za mwenyeji, basi, hakumfuti mtu. Anayeogopa kwamba akila kwa mkono wa wengine atausahau wa kwao, huenda asili yake haikuwa na mizizi tangu mwanzo.

Wa pili ni Hendrick Hamel, karani wa meli ile iliyovunjika. Alizuiliwa Korea miaka 13, mpaka mwaka 1666 alipotoroka kwa mashua pamoja na wenzake saba hadi Nagasaki, Japani. Taarifa yake ilichapishwa Uholanzi mwaka 1668, ikawa kitabu cha kwanza kuwaeleza Wazungu kwa kirefu jinsi Wakorea wanavyoishi. Hamel hakufumba jicho kwa hiari. Aliandika kwamba Wakorea ni wepesi wa kuiba na kudanganya. Alieleza adhabu za kutisha na matajiri waliomiliki watumwa kwa mamia. Lakini aliandika pia jinsi watoto walivyofunzwa kusoma na jinsi walivyowaomboleza wazazi wao kwa miaka mitatu. Akakiri kwamba gavana wa Jeju, ambaye kwake yeye alikuwa mpagani, aliwatendea wema ambao wasingeutegemea hata kwa Wakristo.

Kuna jambo moja katika taarifa yake linaloigeuza methali juu chini. Hamel anasimulia kwamba watu walimiminika kuja kuwatazama, maana uvumi ulikuwa umeenea kuwa Waholanzi wakitaka kunywa hulazimika kuizungusha pua hadi nyuma ya sikio! Machoni pa Wakorea, wenye kasoro walikuwa hao waliotoka baharini wakiwa na nywele za manjano.

Hapo ndipo falsafa ya methali inapojitokeza. Methali inazungumza kwa sauti ya msafiri, na kila msafiri huanza safari akijihesabu kuwa mzima. Akifika, huona pengo kwa wenyeji: mbona wanakula hivi, mbona wanaketi hivi, mbona wanauliza hivi? Wenyeji nao wanamtazama na kuona pengo kwake. Anayefumba jicho hawapi wenyeji sadaka ya huruma. Anakubali kwamba huko alikofika, yeye ndiye asiyejua. Hata Hamel aliyewashangaa matajiri wa Korea kwa watumwa wao alikuwa mwajiriwa wa Kampuni ya Uholanzi ya India ya Mashariki, iliyomiliki na kusafirisha watumwa. Nyani haoni kundule.

Mgeni anayefika Seoul leo hukutana na mtihani huo kwa mambo madogo. Huulizwa umri mapema, kwa sababu lugha yenyewe inadai kujua nani mkubwa na nani mdogo kabla ya kuchagua namna ya kusema. Mezani humngoja mkubwa ashike kijiko kwanza. Kitu cha mkubwa hupokelewa kwa mikono miwili, na kinywaji cha kulevya mbele yake hunywewa uso ukiwa umegeuzwa pembeni. Mgeni mwenye haraka huona utumwa katika haya. Mswahili aliyelelewa kwa shikamoo hatashangaa sana, ila naye itambidi ajifunze upya, maana heshima anayoijua yeye haina umbo lile. Na mambo huenda pande zote mbili. Katika Chuo Kikuu cha Hankuk cha Lugha za Kigeni, huko huko Korea, Kiswahili hufundishwa, na mwanafunzi wa Kikorea anayekuja kwetu naye hana budi kufumba lake jicho.

Je, mpaka uko wapi? Methali nyingine inatuonya kwamba mwacha mila ni mtumwa, na dhamiri haiachwi mpakani kama mzigo wa forodha. Jibu naliona kwa mgeni wa tatu, Mmarekani Homer Hulbert. Alifika mwaka 1886 kufundisha katika shule ya mfalme. Alijifunza maandishi ya Kikorea, akaandika kwayo kitabu cha jiografia cha kufundishia, wakati wasomi wengi wa Korea wenyewe walikuwa bado wanathamini zaidi maandishi ya Kichina. Japani ilipoipora nchi uhuru wake, Hulbert alipeleka malalamiko ya mfalme Washington, na mwaka 1907 akawaunga mkono wajumbe wa siri waliotumwa The Hague kuutetea uhuru huo. Alirudi Korea mwaka 1949 akiwa mzee wa miaka 86, akafa siku chache baadaye, na kuzikwa Yanghwajin, Seoul.

Hulbert alilifumba jicho la majivuno, na kwa sababu hiyo lile la haki likaona mbali. Huo ndio mpaka. Methali inaamuru kufumba jicho moja tu; la pili ni la kutazamia njia, na kushuhudia dhuluma inapotendeka, iwe ya mgeni au ya mwenyeji. Anayefumba yote mawili hajawaheshimu wenyeji wake, kwa kuwa hajawaona. Anayekodoa yote mawili naye hajawaona. Amejiona mwenyewe tu, mzima kati ya wenye chongo.