Onyo Lilifika, Mlango Haukugongwa

Usiku wa kuamkia Jumatano, Aprili 24, 2024, Mto Mathare jijini Nairobi ulipanda ukaingia majumbani. Katika Mathare 4A, Mabatini na vijiji jirani, vyumba vya mabati vilivyobanana hadi ukingoni vilijaa maji gizani kabla wenyewe hawajajua washike nini na waache nini. Upande wa kusini, Mto Ngong uliwafanyia vivyo hivyo watu wa Mukuru kwa Reuben na Mukuru kwa Njenga. Kulipopambazuka, kuna waliokuwa juu ya mapaa wakisubiri kuokolewa, na wengine walivuka na watoto mabegani katika maji yaliyochanganyika na uchafu wa vyoo. Wapo ambao hawakupona. Masika yalipokwisha, mafuriko yalikuwa yameua karibu watu 300 kote nchini Kenya na kuwatoa makwao zaidi ya 200,000.

Mvua ile ilikuwa imetabiriwa. Mwezi Februari, ICPAC, kituo cha kanda cha utabiri wa tabianchi chenye makao yake Ngong, kilitangaza kwamba sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ingepata masika yenye mvua nyingi kuliko kawaida. Idara ya Utabiri wa Hali ya Anga, pale Dagoretti Corner, ilisema hivyo hivyo kuhusu Nairobi. Wataalamu walifanya kazi yao vizuri, na ni haki kulisema hilo waziwazi, kwa kuwa mafuriko yakishatokea lawama huwaangukia wao kwanza.

Sasa tulifuate onyo hilo tangu litokapo Dagoretti Corner. Linakwenda kwenye vituo vya redio na televisheni, wizarani, kwenye ofisi za kaunti. Linasema mvua kubwa inatarajiwa na wanaoishi mabondeni wachukue tahadhari. Tuseme mama mwenye chumba kimoja Mathare amelisikia saa mbili usiku, akaliamini. Tahadhari anayoweza kuchukua ni ipi? Akihama kwa siku tatu atalala wapi na watoto wanne? Mtungi wa gesi, godoro na cherehani inayompa riziki ataviacha chini ya ulinzi wa nani? Mwenye nyumba atamsamehe kodi ya siku hizo? Kila swali kati ya hayo lina jibu ambalo ni ofisi pekee inayoweza kulitoa, na siku ile hapakuwa na ofisi ya kulitoa. Chifu ana baraza na muhuri, lakini hana ukumbi uliotengwa kwa waliokimbia maji, na hana fungu la kununulia hata blanketi. Nyumba Kumi, mpango wa majirani kulindana, uliundwa kwa ajili ya usalama dhidi ya wahalifu. Mto haukuwemo katika hesabu zake hizo.

Tena mama huyo alikuwa na sababu ya kusitasita. Oktoba 2023 Rais aliwaambia wananchi kwamba wataalamu walikuwa wamebadili utabiri na kwamba El Niño kubwa iliyoogopewa haingekuja. Mwezi uliofuata mvua ikanyesha hadi watu zaidi ya 100 wakafa. Neno la serikali kuhusu mvua likishateleza hivyo mara moja, msimu unaofuata kila mtu hujipimia mwenyewe, na wengi hungoja hadi waone maji kwa macho yao. Katika bonde la Mathare, mto ukionekana unapanda usiku, muda wa kuhama umeshapita.

Mtu akisoma sheria za Kenya peke yake, ataona nchi iliyojiandaa kuliko nyingi. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ilipitishwa mwaka 2016, ikiwa miongoni mwa za mwanzo barani. Iliunda baraza la taifa linaloongozwa na Rais mwenyewe. Inataka kila idara ya serikali iwe na kitengo cha tabianchi chenye watu na fedha za kutosha, na kila kaunti iingize jambo hili katika mipango yake na kumteua waziri wa kaunti wa kulisimamia. Mji wa Nairobi nao una mpango wake wa tabianchi wa mwaka 2020 hadi 2050. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lina makao makuu Gigiri tangu miaka ya 1970, na kutoka Mathare ni safari fupi tu ya matatu. Kuanzia Septemba 4 hadi 6, 2023, marais wa Afrika walikutana katika jumba la KICC kwenye Mkutano wa kwanza wa Afrika wa Tabianchi, wakatoa Azimio la Nairobi, na dunia ikatuita viongozi wa jambo hili.

Nina heshima kwa kazi hiyo. Sheria ni lazima iwepo, na mikutano huleta fedha ambazo hazingekuja vinginevyo. Lakini kati ya KICC na Mabatini kuna kilomita chache tu, na kati ya azimio lile na usiku ule kulipita miezi saba na ushei. Miezi hiyo ikapita, na mitaro mingi ya Eastlands, upande wa mashariki wa mji, iliingia msimu wa mvua ikiwa imeziba. Dampo la Dandora lilishatangazwa kujaa tangu mwaka 2001, na Julai 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru lihamishwe katika miezi 6. Bado malori yanapanda kumwaga pale. Taka ambazo hata hazizolewi zikafika Dandora huishia kwenye mitaro ya Huruma na Kariobangi, na mvua inapokuja huziba njia ya maji yote.

Baada ya mafuriko, serikali ilifika Mathare na Mukuru kwa nguvu, ikiwa na tingatinga. Mwanzoni mwa Mei iliagiza kila mtu aliye ndani ya mita 30 kutoka mtoni aondoke, na waliochelewa wakabomolewa vyumba vyao, wengine wakiwa bado wanaanika nguo zilizolowa. Rais alizuru Mathare Mei 6 akaahidi shilingi 10,000 kwa kila familia iliyoondolewa. Mei 10 ikatangazwa sikukuu ya taifa ya kupanda miti kuwakumbuka waliokufa. Mvua ilikuwa ingali inanyesha, na familia zilikuwa zimejihifadhi madarasani, shule zikiwa zimecheleweshwa kufunguliwa.

Hapa ndipo penye funzo zito kuliko pengine pote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Watu hawakuamka siku moja wakajikuta mita 5 kutoka mtoni. Kila chumba kilichobomolewa kilikuwa na historia ya vibali visivyoandikwa: aliyegawa kipande cha ardhi, aliyepokea chochote ili afumbe macho, kanjo, yaani askari wa kaunti, aliyepita kila wiki akaona mjengo unapanda akanyamaza, aliyekusanya kodi kila mwezi bila kukosa na yeye mwenyewe akiishi mbali na mto. Maji yalipokuja, katika mlolongo wote huo aliyeadhibiwa ni mpangaji pekee. Hata hizo mita 30 hazikuwa kipimo kimoja kinachojulikana. Kanuni za maji za mwaka 2007 zilisema ukingo uwe sawa na upana wa mto, usipungue mita 6 wala usizidi 30, na zile za kilimo za zamani zilianzia mita 2. Mathare si mto mpana. Familia iliyojenga mita 10 kutoka mtoni ingeweza kabisa kuamini kwamba iko ndani ya sheria, hasa pale ambapo hapakuwa na ofisi iliyowahi kuja kuweka alama ardhini.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Aprili 29, 2016, karibu miaka 8 kamili kabla ya usiku ule, jengo la ghorofa 6 lilianguka Huruma wakati wa mvua na kuua zaidi ya watu 50. Lilikuwa karibu na mto. Lilikuwa katika orodha ya majengo yaliyopaswa kubomolewa. Orodha ilikuwepo, waliokuwa ndani wakaendelea kulipa kodi na kulala mle, kwa kuwa aliyeandika orodha hakuwa na kazi ya kuwatafutia pa kwenda, na mwenye kazi hiyo hakuwahi kuteuliwa.

Wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution walipoichunguza mvua ya mwaka 2024, walikadiria kwamba joto la dunia liliizidisha nguvu kwa takriban asilimia 5, wakikiri kwamba kadirio lenyewe halina uhakika mkubwa. Walichosisitiza zaidi ni mipango miji: namna miji yetu inavyopanuka haraka na kuwasukuma maskini kwenye njia ya maji. Wapo watakaoshika hesabu hiyo kuthibitisha kwamba tabianchi inasingiziwa. Mimi naisoma hivi: joto litaendelea kuongeza asilimia zake mwaka baada ya mwaka, na mji ambao hauwezi kuihimili nyongeza ndogo ya leo utaihimilije ya mwaka 2040? Kulichukulia jambo hili kwa uzito Eastlands maana yake ni mtaro, alama ya ukingo, ukumbi wenye ufunguo na mfanyakazi mwenye mshahara wa kugonga milango.

Hatusemi mambo ya ndotoni. Agosti 2017 Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kwa Reuben, Mukuru kwa Njenga na Viwandani kuwa Eneo Maalumu la Mipango, ikazuia ujenzi mpya huku mpango ukiandaliwa. Muungano wa Wanavijiji, chama cha wakazi wa mitaa ya mabanda kilichoanza mwaka 1996, kilipanga watu kwa kaya kumi kumi, ili mpango wa takriban kaya 100,000 uanzie mlangoni. Zaidi ya mashirika 40, vyuo vikuu vikiwemo, yaliingia katika kazi hiyo. Matunda yalionekana: barabara, maji, mabomba ya majitaka. Lakini mwishoni mwa mwaka 2021 tingatinga ziliingia Mukuru kwa Njenga kufungua njia ya barabara na kuwaacha maelfu bila makao, ndani ya eneo lile lile lililokuwa limewekewa mpango. Mpango mzuri ambao ofisi moja inauheshimu na nyingine haiujali ni hatari kwa namna yake, kwa kuwa watu wameshauamini.

Kibera, upande mwingine wa mji, mradi wa DARAJA uliwakalisha pamoja watabiri wa hali ya anga na wakazi ili utabiri utolewe kwa lugha ya mtaani, upite kwa viongozi wa mtaa, redio na simu, na useme nini kifanyike. Mradi huo huo ulifanyika Dar es Salaam. Umeonyesha kwamba onyo linaweza kufika mlangoni. Kilichobaki ni kulifanya liwe kazi ya kudumu ya serikali, ili lisikome mfadhili akiondoka.

Na wale tuliozoea kudhani wako nyuma walitutangulia. Wajir na Makueni, kaunti za ukame, zilijitungia mifuko ya tabianchi muda mrefu kabla ya mkutano wa KICC. Makueni ilianza mwaka 2015 na kutenga asilimia 1 ya bajeti ya maendeleo, na Wajir ikafuata na asilimia 2. Kamati zinazochaguliwa na wakazi wa wadi ndizo hupendekeza fedha zijenge nini, iwe lambo, kisima au ukarabati wa chanzo cha maji. Wadi za Mabatini, Huruma na Kwa Reuben zina haja hiyo hiyo, ila kwao maji yanazidi badala ya kupungua.

Kwa mkazi wa Eastlands anayetaka kuanza mahali, kuna jambo moja la kalenda ambalo halielezwi vya kutosha. Mwaka wa fedha wa kaunti huanza Julai 1. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, makadirio ya bajeti hufika bunge la kaunti kufikia Aprili 30, mkakati wa fedha kufikia Februari 28, na mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata kufikia Septemba 1. Mwaka 2024 makadirio yalitakiwa bungeni siku 6 baada ya Mathare kufurika. Aliyetaka mtaro uchimbwe kwa masika ya Machi mwaka fulani alipaswa kulisema kabla ya Septemba, miezi 18 nyuma, wakati jua ni kali na hakuna anayewaza mvua.

Basi mikutano ya ushirikishaji wa umma inapoitishwa kwenye ukumbi wa wadi, swali la kupeleka ni hili: mvua ikitabiriwa, ni nani, kwa cheo chake, atakayegonga milango ya ukingoni; ukumbi upi utafunguliwa na ufunguo uko kwa nani; na ni kifungu kipi cha bajeti kinacholipia hayo. Majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano. Yakikosekana, kifungu cha 23 cha Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 kinamruhusu mtu yeyote kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi kudai ofisi husika itimize wajibu wake, na hahitaji kuthibitisha kwamba kuna mtu ameshaumia.